Bunduki ya Babu Lyamba

14 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha juzi, ikaja na upepo wa kung'oa mabati. Kule Kabungu upepo umeangusha mti mkubwa wa mtundu wenye mizinga ya mwanangu Benedikto, na mzinga mmoja wa zamani, wa gogo, umepasuka katikati ya njia. Ndani hamkuwa na asali wala nyuki. Mlikuwa na bunduki, imezamishwa kwenye nta mpaka kitako.

Leo asubuhi askari wamekuja hapa Misunkumilo kumchukua Benedikto. Tulikuwa tunafukia mbegu za mahindi. Amepanda gari lao na buti moja ya mvua mguuni, nyingine imebaki kwenye tope. Wamemuuliza tu, "Mzinga wa nani?" Naye akajibu, "Wangu, nimerithi kwa baba." Mtoto wangu huyo hajui kudanganya, sijui kamrithi nani.

Wamejuaje pa kuja? Alama. Kila mrina asali ana alama yake anayoichonga kwenye mzinga, na yetu ni mistari miwili na ndoano. Kutoka hapa mpaka Kabungu watu wanaijua kama wanavyojua sura ya jirani. Aliyeichonga ni marehemu mume wangu, Bartolomeo. Sasa mtu anaficha bunduki, kitu cha siri, kitu cha jela, halafu anachukua patasi anaandika juu yake kwamba ni ya kwake! Nilimjua vizuri. Mzinga usio na alama ni mzinga wa mwizi, ndivyo alivyokuwa akisema, na hakutaka aonekane mwizi. Mungu amrehemu, lakini angekuwa hai leo ningemtandika na mchi.

Shule mimi sikukanyaga. Herufi alinifundisha katekista nilipokuwa najiandaa kubatizwa, na tangu hapo sijaziacha. Naandika kwa sababu wanaume wa ukoo huu nawajua: asubuhi wanasema, jioni wanakana. Safari hii watanikuta nimeandika.

16 Novemba

Bunduki yenyewe naijua. Nani asiyeijua katika ukoo huu? Nilipoolewa niliiona kwenye mazishi ya baba mkwe, wanaume wakizunguka nayo kaburi. Ndiyo sifa yao kubwa. Babu yao Lyamba, wanasema, alimvizia Mjerumani kwenye mto Katuma wakati wa vita vya kwanza, akamnyang'anya kwa mikono mitupu. Nilipoolewa Mjerumani alikuwa mmoja. Baadaye wakawa watatu. Siku ya ndoa ya Benedikto walikuwa kikosi kizima na farasi.

Kisha ikaja ile miaka ya serikali kusaka silaha nyumba kwa nyumba. Bartolomeo aliniambia amekwenda kuisalimisha kituoni. Nikamwamini, mimi mjinga. Tangu hapo misibani wanazunguka na fimbo badala yake, kwa mtindo ule ule.

Leo nimekwenda kuyaeleza haya yote kwa mpelelezi. Amenisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Bibi, wewe ni mama yake, utasema lolote umtoe. Halafu kwenye ukoo umeolewa. Niletee wazee wenye damu yao waseme bunduki ilikuwepo tangu lini." Kumbe kuna bunduki ya kizungu iliibwa kwenye kambi moja ya wawindaji mwaka juzi, na wanafikiri ndiyo hii. Mwanangu sasa ni jambazi wa porini. Huyo anayeogopa kuku!

17 Novemba

Nimekwenda kwa shemeji Methusela, mdogo wa marehemu, ndiye mzee wa ukoo kwa sasa. Mtu mwenyewe mrefu, ana koti moja la kijivu analovaa hata jua likiwaka, na sauti ya kuhutubia. Hakuna msiba ambao hajasimama kusimulia habari za bunduki.

"Shemeji," nikamwambia, "twende kituoni ukaseme unaijua bunduki."

"Bunduki gani?"

Nikafikiri masikio yangu yamezeeka. "Bunduki ya babu yenu."

"Ah, shemeji. Hayo yalikuwa maneno ya kuchangamshia watoto. Mimi kwa macho yangu sijaona bunduki."

"Methusela! Si wewe uliyeizungusha kaburini kwa baba yako, umejifunga shuka jeupe, mate yanakutoka?"

"Umri umekwenda shemeji, unachanganya mambo. Karibu uji."

Uji wake nimeumwaga chini, mbele yake. Mkewe alikuwa anaangalia, akageuza uso acheke upande wa pili.

23 Novemba

Nimewazungukia wanaume wengine wa ukoo, wote. Mmoja mguu unamuuma. Mwingine anasema alikuwa Tabora miaka hiyo. Mwingine amejificha chooni mpaka nimeondoka; ndara zake nilikuwa naziona chini ya mlango. Simba hawa! Wajukuu wa aliyemkaba Mjerumani!

28 Novemba

Mahakamani. Upelelezi haujakamilika. Dhamana hakuna.

12 Desemba

Mahakamani. Upelelezi haujakamilika. Mvua tangu alfajiri.

13 Desemba

Niandike kuhusu Happiness, mke wa Benedikto. Tangu aingie nyumba hii sijamwandikia wala kumsemea jema. Amezaliwa mjini, kope za kubandika, jembe analishika kama nyoka. Benedikto aliposhikwa nilijisemea, wiki haiishi huyu atafungasha arudi kwa mama yake.

Kila siku ya kuona mahabusu anaamka kabla yangu, anapika, anafunga chakula kwenye kitambaa, anakwenda. Leo barabara imekatika, bajaji hazipiti, amekwenda kwa miguu kwenye tope lile la kunata. Amerudi amelowa, kope moja imeng'oka.

"Amekula?" nikamuuliza.

"Amekula, mama. Amesema dagaa zilikuwa na chumvi nyingi."

"Aliyezitia chumvi ni mimi."

"Ndiyo maana nimemwambia azimalize," akasema, akaingia kubadilisha nguo.

Nilicheka peke yangu jikoni. Mtoto ana ulimi huyu. Nimemchemshia maji ya kuoga, na nikamwambia hiyo kope nyingine aing'oe tu, anafanana na bundi mgonjwa.

25 Desemba

Kanisani. Methusela benchi la mbele, koti la kijivu, anaimba kuliko kwaya. Tuliposhikana mikono ya amani nimempa vidole viwili.

9 Januari

Leo amekuja kijana kutoka Dodoma, anaitwa Deogratias, kazi yake kutambua silaha. Nilipomwona nikajua tumekwisha. Viatu vyeupe, msimu huu! Amevuka uwanja wangu akirukaruka kwenye matofali kama kuku juu ya makaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hivyo viatu ulidhani unakuja harusini?"

"Niliambiwa Mpanda kuna lami, bibi."

"Lami ipo. Ila haikuambiwa unakuja huku."

Akacheka, akavivua, akakaa peku kwenye kigoda changu. Hapo nikaanza kumwangalia upya kidogo. Akatoa simu akanionyesha picha. Nta yote ile imeanza kutolewa kwa maji ya moto na brashi ndogo kama ya meno, anafanya mwenyewe, hataki mtu aguse. Mtutu unang'aa kama umetoka dukani jana. Kitako cha mti mzuri mwekundu, kimechongwa majani. Akanionyesha vialama kwenye chuma, vidogo kama mchele: taji la mfalme na herufi chini yake, tena taji lingine, halafu ndege mwenye mabawa.

"Hii ni mihuri ya Wajerumani, bibi. Kila bunduki kwao ilikuwa inapigwa risasi za majaribio, ikipona inagongwa muhuri. Hii si ya jeshi. Ni ya kuwindia, ya mtu mwenye uwezo. Imetengenezwa mji unaitwa Suhl."

"Kumbe na wao wana alama kama sisi kwenye mizinga."

"Hivyo hivyo. Na nikuambie neno moja la kukufurahisha: ile ya kambini ilikuwa mpya, ya siku hizi. Si hii. Hii ni mzee kuliko wewe."

Nilitaka kumkumbatia. Akanizuia kwa mkono.

"Ngoja, bibi. Kazi yangu ni kusema chuma hiki ni cha wapi. Imetoka mikononi mwa nani mpaka ikaingia mzingani, hiyo ni yenu. Wazee wakiapa kwamba ni ya urithi, na ikaaminika kwamba Benedikto hakujua, kesi haina miguu. Wasiposema, ni bunduki isiyo na kibali ndani ya mzinga wenye alama yake. Na nta bado imejaa kwenye maandishi mengine, sijamaliza kusoma."

Nimempa mahindi ya kuchoma, akala mawili. Na mfuko wa plastiki wa kufungia kila kiatu.

11 Januari

Habari zimefika kwa Methusela kwamba mtaalamu kasema bunduki ni ya Kijerumani kweli. Kumbukumbu imemrudia kama maji ya mvua! Amekuja kwa bajaji, hajashuka bado ameshaanza kuhutubia.

"Si nilisema? Si nilisema siku zote? Ya Mjerumani! Shemeji, kesho nakwenda kutoa maelezo. Mwanetu hawezi kuozea ndani na mimi nipo."

"Wiki hizi zote ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natafakari."

Akitaka aende kama tausi, aende kama tausi, mradi aende.

13 Januari

Ameshaandikisha. Mpelelezi amemwandika karatasi kadhaa. Nasikia Mjerumani aliuawa kwa mkuki safari hii. Happiness amekwenda kumwambia Benedikto avumilie kidogo tu.

23 Januari

Mahakamani. Upelelezi haujakamilika. Benedikto anakohoa. Amekonda shingo, kola inampwaya. Nilimpungia, akanipungia kwa mikono miwili kwa kuwa ilikuwa imefungwa pamoja.

4 Februari

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Deogratias amemaliza kutoa nta. Chini ya mtutu, mahali panapofunikwa na mti, kuna tarakimu: saba, na ishirini na nane. Amekuja kunieleza mwenyewe, amekaa peku kama siku ile, uso umemshuka.

"Ni mwezi na mwaka, bibi. Mwezi wa saba, mwaka ishirini na nane. Ndipo ilipogongwa muhuri."

"Sasa?"

"Vita vya kwanza viliisha mwaka kumi na nane. Babu Lyamba amemnyang'anyaje mtu bunduki ambayo haijazaliwa?"

Nikamuuliza labda chuma kimekosea. Akasema watu hukosea, muhuri haukosei. Ameshauliza hata wenzake wa huko Ujerumani, wamemjibu hivyo hivyo.

"Na mpelelezi anasemaje?"

"Anasema mzee Methusela ametunga hadithi ili kumwokoa kijana. Na kama ukoo umetunga hadithi, basi kuna kitu unaficha. Sasa wanauliza kama Benedikto aliinunua kwa majangili." Akainamisha kichwa. "Samahani, bibi. Mimi siwezi kuubadilisha muhuri."

Kwa hiyo sikilizeni. Tulipomwomba aseme kweli, Methusela alikana. Alipokubali kusema, amesema uongo. Na uongo wake umemfungia mwanangu mlango kuliko ukimya wake. Nimekutana na wajinga wengi maishani, nimezaa na mmoja, lakini huyu anapaswa kuwekwa kwenye chupa watu waje kumwangalia.

5 Februari

Nimemwendea. Amesimama mlangoni na koti.

"Muhuri umesema mwaka ishirini na nane, Methusela."

"Mihuri ya wazungu hiyo. Babu hakusoma mihuri."

"Bunduki imetoka wapi?"

"Nimeshasema. Mto Katuma."

Akafunga mlango. Lakini nimeona macho yake. Mtu asiyejua hukasirika. Huyu aliogopa.

6 Februari

Mahakamani. Upelelezi haujakamilika.

15 Februari

Nyanzala amekuja tumenye karanga. Ni jirani yangu, Msukuma, walifika huku na ng'ombe wao miaka ile ya ukame. Tulianza kwa kugombana kuhusu ng'ombe waliokula mihogo yangu, tukaishia hapa. Nikawa namsimulia kwa mara ya mia.

"Hebu nionyeshe," akasema, "hao wanaume wenu bunduki walikuwa wanaishikaje msibani?"

"Kama wanavyoishika siku zote."

"Sijui, kwetu hatuna. Nionyeshe."

Nikainuka. Shuka jeupe halikuwepo, nikachukua khanga nikaifunga chini ya kwapa mpaka magotini, maana ndivyo wanavyofunga. Nikaokota mchi. Bunduki wanailaza juu ya mikono miwili, viganja juu, mbele ya tumbo. Hawaiweki begani hata siku moja, ni mwiko. Macho chini. Wanakwenda mpaka kichwani mwa kaburi, wanainama kidogo, kisha wanarudi kinyumenyume kabla ya kugeuka. Nilifanya yote hayo hapo uani, na mguu wangu mbovu.

Nyanzala alicheka mpaka karanga zikamwagika.

"We Marsela! Huyo ni askari? Askari gani anajifunga aproni? Huyo anapeleka chai kwa bwana mkubwa!"

Nilibaki nimesimama na mchi mikononi. Miaka yote hii nimewatazama wanaume wale wakizunguka makaburi kwa majivuno, na hakuna hata mmoja aliyejitazama. Unapomnyang'anya mtu bunduki, unaibeba hivyo? Hivyo ndivyo unavyombebea mwenyewe, anyooshe mkono aichukue.

16 Februari

Nimemkuta Methusela anakarabati banda la mbuzi, peke yake, bila koti. Sikumsalimia. Nikasema, "Lyamba alikuwa anampikia nani?"

Nyundo ilimwanguka. Alikaa juu ya gogo, akawa mdogo ghafla, mzee yule mrefu.

"Nani kakuambia?"

"Nyie wenyewe. Kila msiba."

Akasimulia. Kulikuwa na Mjerumani, aliyekuja miaka mingi baada ya vita vya kwanza, wakati nchi ni ya Mwingereza. Alikuwa anatafuta madini na kuwinda, anatembea porini na mahema. Lyamba alikuwa mpishi wake, mfuaji wake, na mbeba bunduki. Vita vya pili vilipoanza Waingereza wakawazoa Wajerumani wote. Yule mtu alimwachia Lyamba bunduki akamwambia amtunzie, atarudi. Hakurudi. Lyamba aliipaka nta kila mwaka, akiingoja siku ya kuirudisha, mpaka akafa.

"Sasa aibu iko wapi?" nikamuuliza.

"Wewe hukuwepo, shemeji. Pale shule ya misheni waliniita mjukuu wa boi. Kila siku. 'Mjukuu wa boi, tufulie soksi.' Nikarudi nalia. Baba ndiye aliyeniambia, kesho waambie babu yako alimnyang'anya Mjerumani. Nikawaambia. Wakaniacha." Akajifuta uso kwa mkono wenye kutu. "Nimeishi na hiyo, shemeji. Nimeozesha mabinti kwa jina hilo."

Nilimwonea huruma, nakiri, kwa kiasi cha kumeza mate. Nikamwambia, "Basi nenda kaseme kwa mpelelezi."

"Siwezi."

"Benedikto anakohoa mahabusu bure kwa ajili ya soksi za watoto waliokwisha kufa!"

"Siwezi, shemeji. Niambie kingine chochote."

Huruma ikaisha pale pale. Ningeweza kwenda mwenyewe kuyasema, lakini nani ataniamini? Mama yake, aliyeolewa, na hadithi ya tatu. Lazima itoke mdomoni mwake.

20 Februari

Mahakamani. Upelelezi haujakamilika. Benedikto ameuliza mahindi yamefika wapi. Nimemwambia yamempita kimo. Sikumwambia mvua imezidi na ya bondeni yameoza.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Methusela amepakwa msalaba mkubwa kwenye paji. Nilimpita nikamwambia kwa sauti ya chini, "Umekosea, wangekupaka mdomo." Padri alisikia. Nitaungama.

17 Machi

Wifi Rozalia amefariki, dada yao Methusela na Bartolomeo. Alikuwa mgonjwa muda mrefu. Mwanamke mpole, sijui alitokaje katika nyumba ile. Ninamlilia kweli.

19 Machi

Tumemzika jana. Leo matanga, na niandike yote.

Ukoo mzima umejaa uani kwa Methusela, turubai limetundikwa, mvua inapiga. Wanaume wamekaa kwenye viti wakingoja chakula kama kawaida yao. Nami nilikuwa nimeshapita jikoni tangu asubuhi, mke kwa mke. Siri ya Lyamba sikuitoa, maana si yangu. Nilisema tu hivi: Benedikto yuko ndani kwa sababu hakuna mwanaume wa ukoo huu mwenye mdomo. Basi asiye na mdomo ale nini? Wanawake wote wakakubali, hata mke wa Methusela, huyo ndiye alikubali wa kwanza. Tukapika chakula cha wageni, cha watoto, cha wagonjwa. Tukagawa. Tukala. Sufuria kubwa la wanaume wa ukoo tukaliacha limefunikwa, tupu, na unga gunia zima pembeni.

Jua likapita utosini. Akaja yule wa ndara za chooni. "Mama zetu, vipi? Huku njaa."

"Unga huo hapo," nikasema. "Kuni hizo hapo. Siku Benedikto akirudi na sisi tutarudi jikoni."

"Mnatutania kwenye msiba?"

Happiness, katoto kale ka mjini, akasimama mkono kiunoni. "Shemeji, nyie si wajukuu wa shujaa? Mtu aliyemkaba Mjerumani atashindwa na ugali?"

Wanawake walicheka mpaka mabibi wakajifunika mitandio. Wanaume walikasirika, wakanong'ona, na mwisho njaa ikawashinda. Wakaja kama kundi. Mungu wangu! Mmoja amemwaga unga kwenye maji ya baridi. Mwingine anakoroga kwa kijiko cha chai. Moshi umewatoa machozi, uji ukafanya mabonge kama ngumi za mtoto, chini ukaungua mpaka jirani wakatoka kuangalia nini kinateketea.

Methusela alikuwa amekaa pembeni anatazama. Nilimwona mkono unamcheza kwenye goti. Walipotaka kumwaga unga mwingine juu ya ule ulioungua, akapiga kelele, "Acheni! Acheni, washamba nyie, mnaharibu!" Akavua koti. Akalitupa kwenye kiti. Akawasukuma, akamwaga ule uchafu, akasugua sufuria kwa majivu, akabandika maji mapya, akangoja yachemke bila kumwangalia mtu. Kisha akaanza. Unga kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, mwiko kwa wa kulia, anageuza, anakandamiza kwenye ukingo, anageuza. Sijaona mwanaume akisonga hivyo. Ikasikika mvua tu juu ya turubai. Ugali ukatoka laini, mweupe, akaukata kwa bakuli lililolowa, mviringo mmoja kama mwingine.

Yule wa ndara, mdomo wazi, akamuuliza, "Mzee, umefundishwa na nani?"

Naye hakufikiri. Alikuwa na mwiko mkononi na jasho usoni, akajibu kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. "Babu Lyamba. Alinifundisha uji kabla sijafundishwa kusoma."

Kisha akasikia alichosema. Akatutazama wote. Mimi niliinamisha macho. Sikutaka anione.

"Alikuwa mpishi," akasema Methusela. "Wa Mzungu. Bunduki aliachiwa aitunze." Akaweka mwiko chini. "Kuleni, kinapoa."

Hakuna aliyecheka. Walikula wakamaliza, na wengine wakaomba tena.

20 Machi

Amekwenda kituoni asubuhi, bila koti. Hakuniaga.

24 Machi

Deogratias amepiga simu kwa Happiness, wakaweka sauti kubwa nisikie. Kumbe kuna kitu alikuwa hajamwambia mtu yeyote wa huku. Chini ya nta, kwenye kitako, kuna kibati cha fedha kidogo kama ukucha, kimechorwa herufi mbili za mwenye bunduki: O na R. Na Methusela, alipoulizwa Mzungu aliitwa nani, amesema baba yake alimtaja siku zote kama Bwana Oto.

"Safari hii chuma na mzee wamesema neno moja, bibi," akasema Deogratias. Nikamuuliza viatu vyake vikoje. Akasema amenunua vyeusi.

10 Aprili

Mahakamani. Mwendesha mashtaka amesimama akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri. Sikuelewa mpaka Happiness aliponishika bega akaanza kulia kwa sauti, bila kope hata moja. Bunduki inakwenda kukaa makumbusho. Waichukue, wakae nayo.

Benedikto amerudi nyumbani na mguu wa kushoto unachechemea na kikohozi cha kizee. Amelala mchana kutwa. Nimempikia samaki, migebuka wa ziwani, nikamgombeza kwa kula polepole.

20 Aprili

Pasaka. Mvua zinaondoka, zimebaki manyunyu. Ukoo wote umekula kwangu. Benedikto amekaa kwenye mkeka, wali mlima, mashavu yameanza kurudi.

Methusela akaja, koti limerudi mwilini. Watoto wakamzunguka, wakamwomba hadithi ya Babu Lyamba. Akakohoa, akanyoosha shingo.

"Babu yenu," akaanza, "alikuwa mpishi mkuu wa jenerali wa Wajerumani. Meza ya watu arobaini! Siku moja simba akaingia jikoni, babu akamtandika na mwiko..."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno, na nilikuwa na haki ya kuyasema. Lakini Benedikto alikuwa anacheka, anacheka mpaka amepaliwa na wali, Happiness anampigapiga mgongo, naye anamwambia Methusela, "Endelea, baba mdogo, simba akafanyaje?"

Nikafunga mdomo. Nikachota kipande kikubwa cha nyama, chenye mafuta, nikamwekea Methusela kwenye sahani, mwongo mkubwa yule.